The Jayhawks kabla na baada ya Mark Olson: uanze na albamu ipi?

Bendi ya The Jayhawks, ya mji wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, ni kama bendi mbili zilizotumia jina moja. Ya kwanza iliishi kuanzia 1985 hadi mwishoni mwa 1995, na watunzi wake walikuwa wawili: Mark Olson na Gary Louris. Ya pili ni ile iliyobaki Olson alipojitoa, Louris akabeba sehemu kubwa ya utunzi na uimbaji. Mtu aliyeipenda ya kwanza akidondokea albamu ya 2000 bila kuelezwa lolote hudhani ameletewa bendi nyingine. Aliyeanza na ya pili, akirudi nyuma hadi 1992, huona nyimbo ni kavu, zinafanana, na hazina pa kupumzikia.

Zote mbili zinafaa kusikilizwa. Lakini si kila sikio litazipenda sawa, na ukianza mahali pasipokufaa unaweza kuiacha bendi nzuri kabla hujaifahamu. Kwa hiyo tunaziweka zama hizo bega kwa bega, halafu tuseme nani aanzie wapi.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kauli iliyozoeleka ni kwamba Olson aliondoka na kantri, Louris akabaki na pop. Kauli hiyo ina ukweli, ila haifiki kwenye kiini. Kilichoondoka hasa ni sauti ya pili iliyokuwa ikitembea na sauti ya kwanza tangu mstari wa mwanzo wa wimbo hadi wa mwisho. Mengine mengi yaliyobadilika, yaani namna ya kutunga, kazi ya gita, wingi wa vyombo na idadi ya waimbaji, ama yalitokana na pengo hilo ama yaliletwa kuliziba.

Nani alikuwa akifanya nini

Olson aliimba na kupiga gita kavu. Louris aliimba na kupiga gita la solo la umeme. Marc Perlman alipiga besi, na ndiye aliyedumu na Louris kwenye zama zote. Hao watatu, pamoja na mpiga drams Norm Rogers, ndio waliorekodi albamu ya kwanza ya 1986, iliyotolewa na lebo ndogo sana. Ya pili, Blue Earth ya 1989, ilitoka kwa lebo ya Twin/Tone ya palepale Minneapolis.

Sauti za waimbaji hao wawili hazikufanana hata kidogo, na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Louris ana sauti ya juu, safi, inayopanda bila kuhangaika. Olson ana sauti kavu, ya chini kidogo, yenye kokoto ndani yake, sauti ya mtu anayeimba kama anavyosema. Mara nyingi Louris alikaa juu na Olson chini, na katika nyimbo kadhaa hujui nani kashika wimbo na nani anamsindikiza. Waliokulia kwenye kwaya watalielewa hili haraka. Kwa kawaida mwimbaji wa sauti ya pili katika bendi ya roki hungoja kiitikio ndipo afungue mdomo. Hawa waliingia pamoja kwenye ubeti, wakavuta pumzi mahali pamoja na kumaliza mstari pamoja, kwa desturi ya zamani ya kantri ya waimbaji wawili wawili.

Desturi hiyo huamua wimbo utungwe vipi. Melodi inayoimbwa na watu wawili kwa wakati mmoja haiwezi kurukaruka ovyo, kwa sababu kila hatua ya sauti ya juu lazima iwe na hatua ya sauti ya chini inayoifuata. Mistari inakuwa mifupi, mapigo ya maneno yanaeleweka, na hakuna anayeburuta silabi kadiri ya hisia zake, maana mwenzake atapotea. Pia gita la solo lazima lisubiri. Ukisikiliza nyimbo za 1992 utaona gita la Louris linaingia katikati ya mistari kama mtu wa tatu anayejibu, likikwaruza kwa nguvu, kisha linawapisha. Sauti mbili zimeshajaza nafasi.

Zama za Olson: albamu mbili za kujua

Hollywood Town Hall ya 1992 ndiyo kipimo cha zama hizo. Ilitolewa na lebo ya Def American, prodyuza akiwa George Drakoulias, na nyimbo zake ni 10 tu. Karibu zote ziko kwenye mwendo wa kati: hazikimbii wala hazilali. Piano na ogani zimepigwa na wageni wenye majina makubwa, Nicky Hopkins na Benmont Tench, lakini hawajitokezi. Wanajaza nyuma ya waimbaji. Tungo zina majina ya mahali na watu, "Wichita", "Nevada, California", "Martin's Song", na picha za vipandevipande ambazo hazikupi kisa kizima. Huambiwi nani kamkosea nani. Unapewa barabara, hali ya hewa, mtu anayeondoka, basi.

Udhaifu wake ni kwamba mwendo haubadiliki sana. Ukiisikiliza huku unafanya kazi nyingine, nyimbo tatu zinaweza kupita ukadhani ni moja. Hii ni albamu ya kukaa nayo.

Tomorrow the Green Grass ya Februari 1995 ni pana zaidi. Karen Grotberg ameshaingia kwenye kinanda na sauti, kuna fidla na vyombo vingine vya nyuzi, na kuna "Blue", wimbo ambao wengi wanaoifahamu bendi hii waliusikia kwanza. Ina nyimbo 13, mmojawapo, "Bad Time", ukiwa wa bendi ya Grand Funk Railroad. Uteuzi huo unaeleza jambo: miezi kadhaa kabla Olson hajaondoka, bendi ilikuwa tayari inaupenda waziwazi muziki wa pop wa redioni wa miaka ya 1970. "Miss Williams' Guitar" uliandikwa kwa ajili ya Victoria Williams, mwanamuziki aliyekuwa mke wa Olson wakati huo. Kwa hiyo ukiisikiliza albamu hii vizuri, unawasikia watu wawili walioanza kutazama pande tofauti ilhali bado wanaimba mstari mmoja. Kwetu sisi hii ndiyo albamu bora ya bendi, na ndiyo rahisi zaidi kumpa mgeni.

Zama za baada yake: albamu tatu zisizofanana

Olson alipoondoka, waliobaki hawakutafuta Olson mwingine. Hilo lilikuwa jambo la busara. Bendi nyingi katika hali hiyo humleta mwimbaji anayefanana na aliyeondoka, na kila onyesho linageuka kuwa mtihani wa kulinganisha. The Jayhawks waliigawa kazi yake. Tim O'Reagan, aliyeingia 1995 kama mpiga drams, alikuwa pia mwimbaji na mtunzi. Grotberg alichukua sauti nyingine. Kraig Johnson aliongeza gita, Jessy Greene fidla. Mahali pa sauti moja ya pili pakawa na kikundi kidogo cha waitikiaji.

Sound of Lies ya 1997 ndiyo matokeo ya kwanza, na ndiyo albamu inayogawa wasikilizaji hadi leo. Nyimbo ni 12. Louris anaandika kwa nafsi ya kwanza, juu ya ndoa iliyovunjika, juu ya kushindwa, juu ya mwanamuziki anayeona umri unakwenda na umaarufu haujaja, kama katika "Big Star". Melodi zake zimeachiwa kamba: zinapanda ghafla, zinakaa juu muda mrefu, zinashuka kwa kukatika. Sauti za wenzake zinasubiri kiitikio, kisha zinafumka zote kwa pamoja. Gita nalo limepata uwanja. Katika "Think About It" linapiga kelele ambazo Hollywood Town Hall isingezivumilia, kwa sababu hakuna tena sauti mbili za kulinda. Na ukifika kwenye wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, mtu mmoja anaimba taratibu na upweke ule si wa maneno peke yake. Sikio lililozoea sauti mbili linausikia hata kama halijui Kiingereza.

Ubaya wake ni uzito. Haina wimbo mwepesi wa kukupumzisha isipokuwa "Bottomless Cup" wa O'Reagan. Usimpe mtu albamu hii akiwa na siku mbaya.

Smile ya 2000 ilikwenda mbali zaidi. Prodyuza ni Bob Ezrin, yule wa Alice Cooper na wa albamu ya The Wall ya Pink Floyd, na mkono wake unasikika: kila wimbo umejazwa, kila kona ina kitu, na kuna midundo ya mashine katika nyimbo kama "Somewhere in Ohio". "I'm Gonna Make You Love Me" ni pop ya moja kwa moja, na uliwahi kutumika kwenye tangazo la nguo. Hapa ndipo makosa mengi ya kuchagua hutokea. Mtu anausikia wimbo huo, anaupenda, anakwenda kutafuta albamu nyingine ya bendi, anaangukia 1992 na kushangaa kuna nini. Au kinyume chake: mpenzi wa kantri anaifungua Smile, anakutana na mdundo wa mashine kwenye wimbo wa nne, anaifunga na kusema bendi imekufa. Angevumilia hadi wa tano, "A Break in the Clouds", angekuta Louris na Grotberg wakiimba kwa namna iliyo karibu kabisa na ile ya zamani.

Rainy Day Music ya 2003 ilirudisha gita kavu mbele. Kundi lilikuwa limepungua: Louris, Perlman na O'Reagan, wakisaidiwa na Stephen McCarthy kwenye gita na stili gita. Prodyuza Ethan Johns, aliyekuwa ametoka kufanya kazi na mwanamuziki Ryan Adams, aliacha nyimbo zipumue. Bernie Leadon, mmoja wa waanzilishi wa Eagles, amepiga banjo. Waliolia kwamba kantri imeondoka na Olson walipata jibu hapa, maana hakuna Olson na kantri ipo. Hii ndiyo hoja kubwa dhidi ya kauli tuliyoitaja mwanzoni. Ila sikiliza "Save It for a Rainy Day" uone tofauti iliyobaki: Louris anashika ubeti, wenzake wanaingia kwenye kiitikio, watamu na waliopangwa vizuri. Vyombo vya zamani vimerudi. Ule uimbaji wa bega kwa bega haujarudi.

Usimpe Olson sifa au lawama zisizo zake

Ulinganisho wa namna hii una mtego. Mtu mmoja anapoondoka, vitu vingine hubadilika wakati uleule, na msikilizaji huvitia vyote kwenye mfuko wa aliyeondoka.

Cha kwanza ni drams. Kwenye albamu mbili kubwa za Olson, drams zilipigwa na watu wa studio: Charley Drayton mwaka 1992, Don Heffington mwaka 1995. Ni wapigaji wazuri sana, lakini kazi yao ilikuwa kuushikilia wimbo na kwenda zao. Kuanzia Sound of Lies anayepiga ni O'Reagan, mtu wa ndani ya bendi anayejua pia kuimba, na anapiga akiwa anafuata sauti. Sehemu ya ule mtikisiko mpya unaousikia 1997 imetoka kwake, wala haihusiani na kuondoka kwa Olson.

Cha pili ni prodyuza. Drakoulias alitengeneza albamu zote mbili, ya 1992 na ya 1995, na ndiye aliyependa ule mlio mnene wa ogani na gita. Unataka kujua prodyuza anachangia kiasi gani? Bendi yenyewe imeacha ushahidi. "Two Angels" na "Martin's Song" zimo kwenye Blue Earth ya 1989, na zikarekodiwa upya kwa ajili ya Hollywood Town Hall. Watunzi walewale, tungo zilezile, miaka mitatu tu katikati. Tofauti nyingi utakazozisikia ni za studio, fedha na uzoefu. Ukishazisikiliza hizo, ndipo uamue lipi la 1997 ni la kuondoka kwa mtu na lipi ni la studio.

Cha tatu ni mwelekeo uliokuwa umeshaanza. "Bad Time" tumekwisha kuutaja. Pop ilikuwa ndani ya nyumba Olson akiwa bado amekaa sebuleni.

Kipimo cha pembeni: Uncle Tupelo

Inasaidia kuweka kando bendi nyingine ya muziki huohuo iliyopatwa na jambo kama hilo kwa namna tofauti. Uncle Tupelo ya Belleville, Illinois, ilikuwa na watunzi wawili, Jay Farrar na Jeff Tweedy. Farrar alitangaza kuondoka mapema 1994, na onyesho la mwisho lilifanyika St. Louis tarehe 1 Mei mwaka huo. Tweedy akabaki na karibu bendi nzima na kuiita Wilco. Farrar akaunda Son Volt, akiwa na Mike Heidorn, mpiga drams wa mwanzo wa Uncle Tupelo.

Tofauti yao na The Jayhawks ni kwamba Farrar na Tweedy kwa kawaida kila mmoja aliimba alichokitunga. Albamu yao ya mwisho, Anodyne ya 1993, inakwenda kwa zamu: wimbo wa huyu, wimbo wa yule. Bendi ya hivyo inapovunjika, mpasuko unapita kwenye mshono. Ukisikiliza A.M. ya Wilco na Trace ya Son Volt, zote za 1995, unapata nusu mbili za Anodyne, kila moja ikiwa nzima. Kwa The Jayhawks mshono haukuwepo. Nyimbo zilikuwa na majina mawili kwenye karatasi na sauti mbili kwenye mstari mmoja, hivyo kila wimbo ulibaki na tundu. Ndiyo maana Wilco iliweza kuanza na jina jipya na nyimbo zake bila deni, ilhali The Jayhawks walilazimika kuupiga "Blue" jukwaani huku mtu mwingine akiimba sehemu ya Olson.

Kuna jambo moja hapa la thamani kubwa kwa msikilizaji makini. Anodyne, A.M., Trace na Sound of Lies zote zimepita mikononi mwa prodyuza mmoja, Brian Paulson. Zimepishana kwa miaka minne tu. Mkono wa studio ukiwa ni uleule, kinachotofautiana kati ya albamu hizo nne ni watunzi na wapigaji. Ni nadra historia kukupa jaribio safi namna hiyo.

Jozi tatu za kusikiliza kabla hujaamua

Kabla ya kumaliza bando kwa albamu nzima, chukua nyimbo sita, mbili mbili, za zamani kwanza. Tumia earphone au spika ya maana. Spika ya simu humeza sauti ya Olson, maana sauti hiyo haina ukali wa juu, na ukiikosa hiyo hakuna cha kulinganisha.

Jozi ya kwanza ni "Waiting for the Sun" (1992) na "The Man Who Loved Life" (1997). Zote zinafungua albamu. Usisikilize maneno, sikiliza tu sauti ya pili inaingia lini. Katika wa kwanza ni sehemu ya ukuta wa nyumba. Katika wa pili Louris anaanza na piano, kisha wimbo unavimba hadi kiitikio, na waitikiaji ndio wanaouvimbisha.

Jozi ya pili ni "Blue" (1995) na "A Break in the Clouds" (2000). Hapa waimbaji ni wawili pande zote. Sikiliza jinsi sauti ya Olson inavyokwaruza chini ya ile ya Louris, na jinsi ya Grotberg inavyoshikana nayo bila mkwaruzo. Ukiona ya pili ni laini kupita kiasi, wewe ni mtu wa zama za kwanza. Ukiona ya kwanza ina mchanga mwingi, wewe ni wa zama za pili.

Jozi ya tatu ni "Nothing Left to Borrow" (1995) na "Save It for a Rainy Day" (2003). Vyombo vinakaribiana, hali inakaribiana. Hii ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu haina mashine wala kelele za kukusaidia kubaini. Irudie mara mbili.

Epuka kuanza na orodha mchanganyiko za "nyimbo bora" kwenye programu za muziki. Zinachanganya 1992 na 2000 kwenye pumzi moja, na msikilizaji hapati nafasi ya kuzoea chochote. Mkusanyiko rasmi wa 2009, Music from the North Country, una nyimbo nzuri, ila nao unagusa zama zote. Ni wa kusikiliza baadaye.

Basi uchukue ipi

Kama umezoea kwaya, au muziki wowote ambao sauti mbili zinatembea pamoja, chukua Tomorrow the Green Grass, kisha Hollywood Town Hall. Usifanye kinyume, ya 1992 inalipa zaidi sikio likishawazoea watu hawa. Toleo la 2011 la Hollywood Town Hall limeongezewa nyimbo mwishoni, hivyo mara ya kwanza simama kwenye wimbo wa 10. Toleo la mwaka huohuo la Tomorrow the Green Grass lina diski ya pili iitwayo The Mystery Demos, rekodi za majaribio za 1992 zenye vyombo vichache sana. Anayetaka kuwasikia Olson na Louris bila pambo atafute hiyo.

Kama unapenda nyimbo zenye melodi kubwa na moyo uliofunguliwa mbele za watu, chukua Sound of Lies. Ipe siku kadhaa. Mara ya kwanza inachosha, hilo tusilifiche.

Kama unataka albamu ya safari, ya kupiga nyumbani mbele ya watu wasiojali historia ya bendi, chukua Rainy Day Music. Haina wimbo wa kumuudhi mtu. Smile tunaiweka mwisho katika zama za pili. Ina nyimbo nne au tano za kiwango cha juu kabisa, lakini imejazwa mno, na mtu asiyeijua bendi hawezi kutofautisha kilicho chao na kilicho cha Ezrin.

Na kama ni Olson mwenyewe unayemtaka, usimtafute ndani ya The Jayhawks. Alihamia Joshua Tree, California, akaunda The Original Harmony Ridge Creekdippers pamoja na Victoria Williams na mpiga fidla Mike Russell. Albamu yao ya kwanza ya 1997 ni ya nyumbani kweli: vyombo vya mkono, sauti zisizosafishwa, nyimbo zinazokatika kabla hujategemea. Ilitoka mwaka uleule wa Sound of Lies. Ziweke pamoja jioni moja utajua kila mmoja alikuwa akimzuia mwenzake nini: Louris alimzuia Olson asiuache wimbo ukiwa mbichi, Olson alimzuia Louris asiupambe kupita kiasi. Kati ya kazi zake za baadaye, The Salvation Blues ya 2007 ndiyo iliyokamilika zaidi.

Wawili hao walirudiana. Walitoa Ready for the Flood kama wawili tu, chini ya prodyuza Chris Robinson wa bendi ya Black Crowes, kisha bendi nzima ikatoa Mockingbird Time mwaka 2011. Olson akaondoka tena 2012. Tunashauri Mockingbird Time isiwe mlango wa kuingilia. Sauti mbili zipo, na bado zinashikana vizuri, lakini kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa akitunga kwa ajili ya koo lake, na nyimbo kadhaa zina kona nyingi mno kwa watu wawili kuzipita pamoja. Ready for the Flood, yenye vyombo vichache, imewatendea haki zaidi.

Bendi iliendelea bila yeye. Paging Mr. Proust ya 2016, ambayo Peter Buck aliyekuwa wa bendi ya R.E.M. ni mmoja wa maprodyuza wake, ni ya wale walioipenda Sound of Lies. XOXO ya 2020 ndiyo inayoonyesha kazi ya Olson ilikoishia kugawanywa: Louris, Perlman, O'Reagan na Grotberg wote wanne wametunga, na uimbaji wa mbele nao umegawanywa. Sikiliza "Dogtown Days" wa O'Reagan, halafu "Ruby" wa Grotberg, na baada ya hapo ndipo urudi kwa Louris.